Élie Metchnikoff: Mtetezi wa Vijidudu Wema

Istilahi za Kiswahili zihusuzo viumbe wasioonekana kwa macho zimeegemea mno upande wa uhasama. Viumbe hao huitwa viini vya maradhi, vijidudu na, katika vitabu vya sayansi, vijiumbemaradhi. Jina hili la mwisho limekwisha kumhukumu kiumbe kabla hajasikilizwa, kwani ugonjwa umo ndani ya jina lenyewe. Msemaji anayetaka kutaja bakteria wamfaao binadamu hulazimika kuongeza kivumishi cha kumtetea, kana kwamba anazungumzia mwizi mwaminifu. Hata hivyo, Kiswahili hakiko peke yake katika jambo hili. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Louis Pasteur huko Ufaransa na Robert Koch huko Ujerumani walipobainisha kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu, ulimwengu mzima wa tiba uliingia vitani. Ajabu ni kwamba mmoja wa watu waliofafanua vyema namna mwili unavyopigana vita hivyo ndiye huyo huyo aliyekuja kupendekeza kwamba wako vijidudu wanaostahili kuandikishwa jeshini upande wetu. Mtu huyo ni Élie Metchnikoff.

Alizaliwa mwezi wa Mei mwaka 1845 katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kharkov, eneo lililokuwa chini ya himaya ya Urusi na ambalo leo limo nchini Ukraine. Jina alilopewa na wazazi wake ni Ilya Ilyich Mechnikov; lile la Kifaransa ambalo dunia inalitumia alilipata ukubwani. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto watano. Babake alikuwa afisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme, naye mamake, Emilia Nevakhovich, alitoka katika ukoo wenye asili ya Kiyahudi. Mtoto huyu hakutulia hata kidogo, na nyumbani alifananishwa na zebaki, madini ambayo hayashikiki mkononi. Alipotaka kusomea udaktari, ni mamake aliyemkanya, akiona kwamba moyo wa mwanawe ulikuwa mwepesi mno kustahimili mateso ya wagonjwa. Kwa hivyo akasomea elimu ya viumbe. Katika Chuo Kikuu cha Kharkov alikamilisha kwa miaka miwili masomo ya miaka minne, kisha akaenda Ujerumani na Italia kuchunguza ukuaji wa wanyama wadogo, hasa wa baharini. Mnamo 1865, akiwa Giessen, aliona chini ya hadubini kwamba mnyoo bapa humeng'enya chakula ndani ya seli zake zenyewe. Jambo hilo lilionekana dogo wakati huo, naye akalihifadhi akilini.

Aliporejea nyumbani alipewa kazi ya kufundisha katika chuo kikuu cha Odessa akiwa na umri wa miaka 22 tu. Kufikia hapo mtu angedhani kwamba mambo yamemnyokea. Haikuwa hivyo. Mwaka 1869 alimwoa Ludmila Feodorovich, mwanamwali aliyekuwa amedhoofishwa na kifua kikuu hata siku ya harusi akabebwa kitini hadi kanisani. Metchnikoff alihangaika naye kwa miaka minne, akimhamisha kutoka nchi moja hadi nyingine kutafuta hewa na jua. Mwezi wa Aprili 1873 Ludmila alifariki katika kisiwa cha Madeira. Mjane huyo wa kiume aliona kwamba sayansi yake yote haikumfaa kitu. Akameza mofini kwa wingi ili ajiue. Wingi huo ndio uliomwokoa, maana tumbo lilikataa dawa ile na kuitapika.

Alioa tena mwaka 1875, safari hii akimwoa Olga Belokopytova, aliyekuwa angali kijana sana na ambaye baadaye aliandika kitabu cha maisha ya mumewe. Mnamo 1880 Olga akashikwa na homa ya matumbo, hali yake ikawa mahututi. Mume akaanza tena kuyumba. Mwaka uliofuata alijidunga damu ya mgonjwa wa homa inayorudiarudia, akiugua vibaya lakini asife. Kwa upande mmoja alitaka kujua iwapo homa hiyo huambukizwa kupitia damu. Kwa upande mwingine, waliomfahamu waliona kwamba alikuwa amechoka kuishi. Katika mwaka huo huo wa 1881 alifariki kakake, Ivan Ilyich, aliyekuwa afisa wa mahakama katika mji wa Tula. Wasomaji wa fasihi ya Kirusi watalitambua jina hilo: kifo chake kilimpa Leo Tolstoy kiini cha riwaya yake fupi, Kifo cha Ivan Ilyich, iliyochapishwa mwaka 1886. Kwa hivyo hofu ya kufa kabla ya wakati ilikuwa imeingia nyumbani mwa Metchnikoff kwa milango mingi, na ni vigumu kuielewa kazi yake ya uzeeni bila kulikumbuka hilo.

Mwaka 1882 alijiuzulu chuoni kwa sababu ya misukosuko ya kisiasa, akaenda na familia ya mkewe mjini Messina, katika kisiwa cha Sicily. Siku moja ya mwezi wa Desemba watu wote wa nyumbani walitoka kwenda kutazama nyani waliofundishwa michezo. Yeye akabaki na hadubini yake, akitazama viluwiluwi vya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Viluwiluwi hivyo ni angavu kama kioo, na ndani yake mna seli zinazotembea. Ghafla wazo likamjia kwamba huenda seli hizo ndizo walinzi wa mwili. Iwapo ni kweli, aliwaza, basi ukimchoma kiumbe huyu na mwiba, seli hizo zitaukimbilia na kuuzingira, jinsi usaha unavyokusanyika kwenye kidole cha mtu aliyechomwa na kibanzi. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akaidunga chini ya ngozi ya viluwiluwi. Usiku huo hakupata usingizi. Alfajiri akakuta miiba imezingirwa na seli pande zote.

Seli hizo alizipa jina la fagosaiti, lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya seli zinazokula. Jina lenyewe lilipendekezwa mjini Vienna na Carl Claus, naye Metchnikoff akalichapisha mwaka 1883. Mwaka uliofuata alionyesha katika viroboto wa majini, wanyama wadogo waitwao dafnia, kwamba uhai wao ulitegemea iwapo seli zao zitaumeza ukungu uliowashambulia au ukungu utazishinda seli. Hapo ule mnyoo wa Giessen ukapata maana: kile ambacho kwa mnyama duni ni kula, kwa mnyama wa juu kimegeuka kuwa kinga.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya malumbano. Mwaka 1886 alipewa kuongoza kituo cha bakteriolojia mjini Odessa, lakini madaktari walimdharau kwa kuwa hakuwa daktari, na chanjo ya kimeta iliyotolewa na kituo hicho wakati yeye hayupo ikaua maelfu ya kondoo wa bwana mmoja mwenye mashamba. Aliondoka mwaka 1888. Koch alikuwa amempokea kwa ubaridi huko Berlin, ilhali Pasteur alimpa maabara katika taasisi yake mpya jijini Paris, na humo Metchnikoff akakaa miaka 28, hadi kufa kwake. Wapinzani wake wengi, hasa Wajerumani, walishikilia kwamba kinga imo katika majimaji ya damu wala si katika seli. Waliposoma ugunduzi wa Emil Behring na Shibasaburo Kitasato wa mwaka 1890 kuhusu vitu vya damu vinavyoua sumu ya pepopunda na dondakoo, walidhani kwamba wamemmaliza. Leo inafahamika kwamba kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli, na waliotoa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908 walilitambua hilo mapema, kwani waliigawa kati ya Metchnikoff na Paul Ehrlich, bingwa wa upande wa pili.

Yumkini wengi wangekomea hapo. Lakini mbegu ya kazi yake ya mwisho ilikuwa imepandwa kabla ya tuzo hiyo, na ilipandwa na kipindupindu.

Mnamo 1892 ugonjwa huo ulizuka nchini Ufaransa. Koch alikuwa ameshatangaza kwamba husababishwa na bakteria wenye umbo la mkato waitwao vibrio, ila kulikuwa na kitendawili: watu wawili hunywa maji ya kisima kimoja, mmoja akafa na mwingine asiumwe hata tumbo. Metchnikoff alitaka kujua kwa nini. Kama ilivyokuwa desturi yake, alianza na mwili wake mwenyewe. Alikunywa vibrio hai. Hakuugua. Msaidizi wake naye akanywa, asiugue. Kijana mwingine wa kujitolea aliponywa, alishikwa na kipindupindu cha kweli akanusurika chupuchupu. Kwa mizani ya leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio kama hilo, na haifai kulipaka rangi ya ushujaa. Hata hivyo, jibu lake lilikuwa la thamani. Vibrio walikuwa ni wale wale. Matumbo ndiyo yaliyotofautiana.

Akaotesha vibrio katika visahani vya maabara pamoja na vijidudu wengine waliotoka tumboni mwa binadamu. Akaona kwamba baadhi ya majirani hao huwastawisha vibrio na wengine huwazuia wasikue. Kisha akachukua watoto wa sungura wanaonyonya, akawapa vibrio pamoja na wale majirani wanaowastawisha, nao wakafa kwa kipindupindu cha tumboni. Fikra iliyotokana na hayo ilikuwa mpya kabisa: kuugua au kutougua hakutegemei adui na askari wa mwili peke yao, bali pia umati wa vijidudu wanaoishi tumboni, wasio adui wala askari. Wahenga husema kwamba dawa ya moto ni moto. Metchnikoff alianza kujiuliza iwapo dawa ya kijidudu haiwezi kuwa kijidudu mwenzake.

Katika taasisi hiyo hiyo, daktari wa watoto aitwaye Henry Tissier alikuwa akichunguza kinyesi cha watoto wachanga. Karibu na mwaka 1900 aligundua kwamba matumbo ya watoto wanyonyao maziwa ya mama hutawaliwa na bakteria wa umbo la panda, ambao leo huitwa bifidobakteria, na kwamba bakteria hao walikuwa wachache kwa watoto wanaoharisha. Tissier alipendekeza wapewe watoto wagonjwa kama dawa. Ni haki kukumbuka jina la daktari huyu, kwa sababu umaarufu wa Metchnikoff umelifunika.

Metchnikoff alikuwa sasa amepita miaka 50, moyo wake ukimsumbua, na swali lililomkera lilikuwa uzee. Kwa maoni yake, uzee kama uonekanavyo kwa watu wengi si hatua ya asili bali ni ugonjwa. Alidai kwamba katika utumbo mpana huishi bakteria wanaoozesha mabaki ya chakula na kutoa sumu. Sumu hizo huingia mwilini, hudhoofisha viungo, na zile fagosaiti alizozitukuza kwa miaka 20 hugeuka kuwala raia wema, yaani seli za ubongo na hata rangi ya nywele. Nadharia hiyo ilikuwa na uzuri wa tanzia: mlinzi anayewashambulia wenye nyumba kwa sababu ametiliwa sumu. Ushahidi wake, lakini, ulikuwa haba.

Tiba aliyoipendekeza ilitoka jikoni. Tangu zama za kale watu wamehifadhi chakula kwa kukichachusha, kwani bakteria wa maziwa hutoa asidi ya laktiki, na asidi huzuia uozo. Ikiwa maziwa yaliyochacha hayaozi chunguni, kwa nini bakteria hao hao wasizuie uozo tumboni? Metchnikoff alivutiwa na habari za wakulima wa Bulgaria waliosifika kwa kuishi miaka mingi na ambao chakula chao cha kila siku kilikuwa mtindi. Mnamo 1905 mwanafunzi wa Kibulgaria mjini Geneva, Stamen Grigorov, aliwatenga bakteria wa mtindi huo, nao wakaitwa kwa jina la nchi yake. Msomaji wa Afrika Mashariki hapati hapa jambo geni. Maziwa lala, mursik ya Wakalenjin iliyotiwa masizi kibuyuni, na kule naoto ya Wamaasai ni matawi ya maarifa hayo hayo. Katika kule naoto wanasayansi wameonyesha kwamba bakteria wanaotawala ni wa jamii ya laktobasili, ndugu wa wale wa Bulgaria. Tofauti ni kwamba Metchnikoff alikiinua chakula cha wafugaji hadi katika jukwaa la sayansi na kukipa nadharia.

Mwezi wa Juni 1904 alitoa mhadhara wa hadhara jijini Paris kuhusu uzee. Alitaja maziwa kwa tahadhari, lakini magazeti hayakuwa na tahadhari. Katika muda mfupi maziwa ya kuchacha yakawa yanauzwa katika maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani kama maji ya uzima, madaktari wakaandika barua kuomba bakteria, na wachora vibonzo wakamfanya mtaalamu huyo kichekesho. Kampuni moja ilijinadi kwa jina lake, naye akaliruhusu litumike bila kujichumia faida. Jambo hilo liliwapa maadui zake silaha ya kumwita mfanyabiashara. Hapa ndipo palipo na kosa lake kubwa zaidi. Mtu aliyetumia miongo miwili kuthibitisha nadharia ya fagosaiti kwa wapinzani wakali, hatua kwa hatua, aliiachilia nadharia ya mtindi itoke nje kabla haijaiva. Yeye mwenyewe aliiamini kwa dhati. Kwa miaka mingi alikunywa maziwa yake ya kuchacha kila siku na kuepuka vyakula vibichi, akihofia vijidudu wanaoingia navyo.

Mnamo Mei 1909 alikwenda Yasnaya Polyana kumzuru Tolstoy, aliyekuwa mzee wa miaka 80. Mwandishi aliyaona mauti kuwa swali la roho, mwanasayansi aliyaona kuwa swali la tumbo. Waliheshimiana, wakazungumza siku nzima, wakaachana kila mmoja na msimamo wake.

Vita Vikuu vya Kwanza vilimvunja. Maabara zilibaki tupu, vijana aliowafundisha wakaenda kupigana, na moyo wake ukazidi kudhoofu. Alikuwa ametabiri kwamba mtu anayeishi vyema anaweza kufika miaka 100 na zaidi, naye sasa alikuwa anakufa akiwa na miaka 71. Hakulificha hilo, wala hakusingizia. Alidai kwamba alianza mlo wake akiwa amechelewa. Katika saa zake za mwisho alimwomba rafiki yake, daktari Salimbeni, aupasue mwili wake baada ya kifo na ayachunguze matumbo kwa makini. Alifariki tarehe 15 Julai 1916. Mwili wake ulichomwa, na majivu yake yakawekwa katika maktaba ya Taasisi ya Pasteur, miongoni mwa vitabu.

Baada yake, nadharia ilianza kupepetwa. Mwaka 1917 Alfred Nissle, daktari wa Freiburg, alitangaza aina ya bakteria aliyoitoa tumboni mwa askari ambaye hakuugua wakati wenzake walipokuwa wakiharisha vitani; ni kitendawili cha kipindupindu kikijibiwa kwa mara ya pili. Mnamo 1921 Leo Rettger na Harry Cheplin wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba bakteria wa Bulgaria hawafanyi makazi katika utumbo wa binadamu. Wanapita tu. Dai la sumu za utumbo mpana kuwa ndizo asili ya uzee halikupata uthibitisho. Lakini msingi wenyewe, kwamba kijidudu aliyechaguliwa vyema anaweza kumzuia mwingine, ulibaki umesimama. Minoru Shirota alitenga aina yake ya laktobasili huko Kyoto mwaka 1930, na mwaka 2001 wataalamu walioitwa na mashirika ya FAO na WHO walikutana nchini Argentina kuwapa bakteria hawa maana rasmi: vijidudu hai ambao, wakitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji manufaa ya kiafya.

Neno kiasi na neno manufaa yanahitaji uangalifu. Mwaka 2008 madaktari wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwapa bakteria wagonjwa mahututi wa kongosho. Kati ya wagonjwa 152 waliopewa, 24 walifariki. Kati ya 144 ambao hawakupewa, walifariki 9. Rafiki wa mtu mzima aweza kuwa mzigo kwa aliyelemewa.

Upande wa pili wa mizani uko katika jimbo la Odisha, nchini India. Huko, watoto wachanga 4,556 wa vijijini, waliozaliwa na uzito wa gramu 2,000 au zaidi, walihusishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Nusu yao walipewa kwa siku saba laktobasili pamoja na sukari maalumu ya kuwalisha bakteria hao. Nusu nyingine walipewa unga usio na dawa. Watoto hao walinyonya maziwa ya mama kama kawaida. Katika siku 60 za mwanzo za uhai, asilimia 9 ya wale ambao hawakupewa bakteria walipata sumu ya damu au walifariki. Kwa waliopewa, ilikuwa asilimia 5.4.